Maboga ya Mama Rosa

Balbina, ambaye watu wa Lumemo walimwita Mama Rosa, alikuwa akikata shina la mgomba vipande vipande na kuvipanga kwenye mashina ya maboga yake, pale Mama Keti alipoingia uani akisukuma baiskeli. Ilikuwa Oktoba ya mwaka tisini na sita. Joto la Ifakara lilikaa juu ya mabati tangu asubuhi, na karibu kila kilichopandwa kwenye bustani za watu kilikuwa kimeinamisha kichwa. Cha Mama Rosa hakikuinama. Vipande vya mgomba viliachia maji polepole kwenye mizizi, pumba za mpunga zilifunika udongo usiungue, na juu ya matuta ya mchicha palikuwa na fito zilizotandikwa makuti, ili jua lipite kwa matundu kama chai inavyopita kwenye chujio.

"Hodi, Mama Rosa."

"Karibu. Leo ni bamia au mchicha?"

"Leo ni maboga," alisema Mama Keti. "Makubwa. Ya kuchonga."

Mama Keti alikuwa Mmarekani. Mume wake alikuwa na kazi ya kuhesabu mbu. Jioni alikaa kwenye kigoda, suruali ameikunja hadi magotini, na kila mbu aliyetua ugokoni alimnyonya kwa mrija na kumtia kwenye kikombe. Watu wa mtaa walimpita, wakamsalimia, wakaenda zao. Kazi ni kazi.

"Ya kuchonga nini?" aliuliza Mama Rosa.

"Sura. Macho, pua, meno. Kwetu, jioni ya mwisho ya mwezi huu, tunachonga sura kwenye maboga na kuweka mshumaa ndani. Watoto wanavaa kama wafu, wanapita nyumba kwa nyumba kuomba peremende. Inasemekana wafu wanatembea jioni hiyo."

"Sasa hizo sura ni za kuwafukuza au za kuwakaribisha?"

Mama Keti alifikiri, mkono kwenye kengele ya baiskeli. "Sijui. Mama yangu hakuniambia. Sisi tulikuwa tunanunua peremende tu."

"Unamwashia mtu taa, hujui unamwambia aje au aende!" Sauti ilitoka upande wa pili wa ua. Alikuwa Chiku, mjane wa Bwanaheri muuza chumvi, ambaye alisikia kila kitu kilichosemwa bustanini kwa Mama Rosa na hakuona sababu ya kukificha. "Mimi ningekuwa marehemu ningekuja. Kama kuna taa na kuna vitu vitamu, kwa nini nisije?"

Mama Keti aliondoka na maboga kwenye kikapu cha baiskeli. Alichonga barazani kwake akisaidiwa na binti yake Keti, na jioni yakapendeza. Kesho yake shavu la boga moja liliporomoka. Keshokutwa nzi walikuwa wengi kuliko mbu, na mume wake akalalamika kwamba wanamharibia hesabu. Mama Keti akarudi Lumemo na kikapu kitupu.

"Joto la hapa halina subira," alisema Mama Rosa. "Boga ukilikata kikonyo, umeshalizika. Njooni mchonge hapahapa, likiwa bado linanyonya."

"Likiwa kwenye mmea?"

"Kwani likiwa kwenye mmea litakukimbia?"

Hakuna mtu wa Lumemo aliyewahi kuchonga boga ambalo bado linakua. Boga hupikwa, huchemshwa na chumvi kidogo, hugawiwa. Majani yake ni mboga, mbegu zake hukaangwa. Kulitoboa macho likiwa bado mtoto ni jambo ambalo halikuwahi kumwingia mtu akilini, kwa hiyo halikuwa na mwiko. Mwiko ulikuwa mmoja tu, na Mama Rosa alimwambia Mama Keti na binti yake kabla hawajavuka fito: boga changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea kidole linaoza na kudondoka.

"Nikitaka kukuonesha ninalolitaka?"

"Unakunja ngumi, unaonesha kwa ngumi. Hivi."

Basi Mama Keti na Keti wakatembea bustanini wakiyaonesha maboga kwa ngumi, kama watu wanaotishia mboga.

Wiki hiyo ua wa Mama Rosa ulibadilika. Mama Keti alikata popo kutoka mipira ya ndani ya baiskeli na kuwaning'iniza kwenye kamba ya nguo. Mume wake alitoa vyandarua vichakavu, wakavifunga fundo juu kama kichwa, na vikasimama kwenye miti ya uzio vikipunga mikono kila upepo ulipopita. Nyuzi za nyavu mbovu za samaki zikawa utando wa buibui. Watoto wa jirani walijitengenezea sura kwa karatasi za mifuko ya saruji, wakatoboa macho, wakajipaka majivu. Popo wa kweli walikuja magharibi, wakawatazama popo wa mpira, wakaendelea na safari.

Mama Rosa alisaidia kwa moyo wote, lakini moyo wenyewe ulikuwa mahali pengine. Baada ya jioni hiyo inakuja Sikukuu ya Watakatifu, na baada yake Siku ya Marehemu Wote, ambapo kila Mkatoliki wa Ifakara hubeba jembe, maji na mshumaa kwenda kusafisha kaburi la mtu wake. Mama Rosa alikuwa na jembe, alikuwa na mshumaa. Kaburi hakuwa nalo.

Rosa, mtoto wake wa pekee, alifariki kwa homa akiwa msichana mkubwa, akazikwa kwenye makaburi ya zamani ya kando ya mto. Misalaba ya pale ilikuwa ya mbao. Mchwa walikula mingine, mafuriko ya mto Lumemo yakabeba iliyobaki, na vilima vya udongo vikasawazika. Lakini wenyewe walijua nani yuko wapi. Mama Rosa alihesabu kwa macho tu, kutoka kwenye kichaka cha matete, akafika. Mpaka kiangazi kile, Hermenegildi mwenye mashine ya kukoboa mpunga alipoiomba ofisi ya ardhi eneo la kando ya mto alime. Ofisi ilituma watu waende kuangalia kama kuna makaburi. Wale watu wakaona nyasi, wakarudi wakasema ni nyasi. Trekta likaja, matete yakang'oka, na Mama Rosa akasimama pembeni ya shamba pana jekundu asijue aelekeze macho wapi. Alikwenda kulalamika. Aliambiwa alete uthibitisho kwamba chini kuna watu.

Jioni ya mwisho ya Oktoba ikafika. Watoto walikula kashata na bisi, wakatishana, wakaanguka kwenye matuta ya matembele, wakarudi makwao. Mama Keti akafunga safari na Keti akisinzia nyuma ya baiskeli. Jua lilikuwa ndiyo kwanza limezama, anga bado ina rangi. Mama Rosa akaanza kupita tuta kwa tuta kuzima mishumaa, maana mishumaa ile ingefaa tena.

"Usizime, mama," lilisema boga lililokuwa karibu na mtungi.

Mama Rosa akasimama. "Nani?"

"Mimi."

"Wenye jina la Mimi ni wengi."

"Rosa."

Mama Rosa akavuta kigoda, akaketi. Boga lile lilichongwa na Keti: jicho moja kubwa kuliko jingine, na meno matatu. Halikufanana na mtu yeyote wa ukoo wao.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Kajifunika mashuka tele, mwili bado baridi."

Boga likanyamaza. Mshumaa ulicheza ndani yake. Lilinyamaza kwa muda uleule ambao Rosa alikuwa akinyamaza tangu utoto, si kwa kufikiri, kwa adabu tu.

"Sijui, mama."

"Nipe mji."

"Nakupa Sanje."

Tangu akiwa mdogo Rosa alikuwa akitoa Sanje. Wenzake walitoa Dar es Salaam, walitoa Ulaya, yeye kila akishindwa kitendawili alitoa Sanje, kwa sababu aliwahi kupelekwa huko mara moja, akala ndizi za kutosha na kuona maji yanavyodondoka kutoka mlimani, na aliona hakuna zawadi kubwa zaidi ya kumpa mtu.

"Shina la mgomba," alisema Mama Rosa. "Karibu nyumbani, mwanangu."

"Asante. Sura hii imekaa upande."

"Kachonga mtoto. Vumilia."

Wengine nao walikuwa wameingia. Bibi Stefania, mwanamke wa Mahenge aliyekuwa mkali sana enzi zake, alikuwa katika boga la katikati na alilalamika kwamba pua yake imewekwa kwenye paji la uso. Palikuwa na Mzee Fulgensi seremala. Palikuwa na watoto wachanga wawili kwenye maboga madogo, nao walilala. Na kwenye boga la pembeni, karibu na ua, palitoka sauti ya kikohozi cha heshima.

"Samahani, Bi Balbina. Nigeuze kidogo. Hapa naangalia Mahenge, na mimi nataka kibla."

Mama Rosa akaligeuza taratibu, asivunje kikonyo.

"Huyo ni Bwanaheri?" Chiku aliuliza kutoka ng'ambo ya ua, bila kusimamisha mchi wake.

"Ndiye."

"Muulize ufunguo wa sanduku aliuweka wapi."

"Nilimwambia," lilisema boga. "Hakunisikiliza."

"Ndiye mwenyewe," alisema Chiku, akaendelea kutwanga.

Mama Rosa aliwauliza kwa nini wamekuja kwake. Rosa akamweleza. Waliona taa, na hapo walipo hakulaliki. Jembe la trekta lilipita juu juu mara ya kwanza, lakini lilimgeuza Mzee Fulgensi akalala kifudifudi, na Bwanaheri, aliyekuwa upande wa Waislamu ng'ambo ya njia, alijikuta amechanganyikana na watu asiowajua. Sasa walikuwa wamemsikia dereva akisema kwamba kabla ya mvua trekta litarudi na haro, lile lenye visahani vya kusaga mabonge.

"Mama, hatudai shamba lote," alisema Rosa. "Mwambie atuachie kile kipande cha matete. Akizunguka hapo tu, tutalala."

"Nitamwambia," alisema Mama Rosa.

Siku ya Marehemu Wote watu walikwenda makaburi mapya na majembe yao. Wale wa makaburi ya zamani, ambao walikuwa wamekaa nyumbani hawajui waende wapi, walisikia habari, wakaja bustanini kwa Mama Rosa. Hakuna aliyepiga kelele. Walileta mishumaa, na kwa kuwa ilikuwa bustani, walileta na ndoo za maji. Kila aliyemkuta mtu wake alimwagia shina, akapalilia kidogo, akakaa kusema habari za nyumbani: nani ameolewa, nani kahamia Chita kulima, mbuzi amezaa. Aliyemkuta mtu wa jirani alimwagia naye. Mume wa Mama Keti alikuja na mrija wake na kikombe, akakaa hadi giza lilipoingia, akasema mbu hawatui kabisa kwenye maboga yenye watu. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya sukari, akakunjua suruali ikarudi chini.

Mama Rosa hakumfuata Hermenegildi. Alimtumia salamu kwamba mama yake mdogo yuko hapa na anamwulizia. Bibi Stefania ndiye aliyemlea Hermenegildi baada ya mama yake kufariki, na mtu hawezi kuitwa na aliyemlea akakaa.

Alikuja jioni kwa pikipiki, shati limechomekwa. Alikuwa mtu mpole wa kuongea, mwenye kusaidia kanisani, na watu wengi walimpenda.

"Shikamoo, mama," alimwambia Mama Rosa.

"Marahaba. Mama yako yule, tuta la katikati."

Hermenegildi akachuchumaa. "Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Gildi. Umenenepa."

"Tunashukuru Mungu."

"Siku ya kunizika, jembe alishika nani?"

"Nilishika mimi, mama mdogo."

"Nawe ukaiambia ofisi hakuna makaburi."

"Hapana," alisema Hermenegildi. "Waliuliza kama yanaonekana. Nikasema hayaonekani. Hata wewe unajua hayaonekani." Akainua mkono kulionesha lile boga lenye jicho kubwa. "Na huyu ni na—"

Kidole kilikuwa kimeanza kunyooka. Mama Rosa aliudaka mkono wake hewani. Akakikunja kile kidole, akavikunja na vingine juu yake, kimoja kimoja, kama anayemfundisha mtoto kushika penseli, mpaka ikawa ngumi. Kisha akauachia.

"Huyo ni Rosa wangu," alisema. "Unamuonesha hivyo."

"Samahani, mama. Nimesahau."

"Umesahau mambo mengi, wewe," alisema Chiku, ambaye sasa alikuwa ameacha kutwanga na kuegemea ua waziwazi.

Watu walikuwa wamejaa, wamekaa kwenye ndoo zao walizozigeuza. Mama Rosa alimwambia maneno ya Rosa kama alivyopewa: kipande cha matete, trekta lizunguke, basi. Hermenegildi akajibu kwa upole kwamba kipande kile ndicho chenye maji mwaka mzima, ndicho moyo wa shamba, na kwamba angetamani sana.

"Kitendawili," alisema Mama Rosa.

Hermenegildi akacheka kidogo. Aliyekulia kwa Bibi Stefania hawezi kusikia neno hilo akakaa kimya.

"Tega."

"Waliingia shambani bila jembe, trekta limeshindwa kuwatoa."

"Ndago," alisema Hermenegildi, na baadhi ya wakulima wakatikisa kichwa kumkubalia, kwa sababu ndago kwenye mpunga ni balaa.

"Siyo."

"Visiki."

"Siyo."

"Mchwa."

"Siyo, baba."

Hermenegildi akayatazama maboga, na maboga yakamtazama. Mishumaa ilikuwa imewaka yote. Alilijua jibu. Kila aliyekuwa pale aliona kwamba amelijua, lilimfika mpaka mdomoni, na midomo ikafunguka kidogo. Akaifunga.

"Nimeshindwa," alisema.

"Nipe mji."

"Chukua Morogoro."

"Morogoro ina wenyewe."

"Chukua Dar es Salaam."

"Nitapotea."

"Chukua Chita na reli yake yote."

"Reli siitaki. Nipe kipande cha matete."

"Chukua Dodoma, mama. Chukua Mahenge na madini yake. Chukua Nairobi." Jasho lilianza kumtoka shingoni. Alitoa Mwanza na ziwa, alitoa Zanzibar, alitoa Amerika, akimtazama Mama Keti kama kuomba radhi, na Mama Keti akafanya ishara ya mkono kwamba hana neno. Hakuna mtu bondeni kote aliyewahi kutoa miji mingi kiasi kile kwa kitendawili kimoja. Kila mji alioutoa haukuwa wake.

"Gildi," alisema Bibi Stefania.

"Mama mdogo, kile kipande nimeshakinunulia mbegu," alisema Hermenegildi. Akasimama, akajipangusa magoti, akaaga kila mtu kwa jina, wazima na marehemu, akawasha pikipiki.

Asiyetoa mji haambiwi jibu. Hermenegildi hajaambiwa mpaka leo.

Trekta lilirudi na haro wiki iliyofuata. Dereva alivua kofia alipofika palipokuwa na matete, akapita. Bustanini kwa Mama Rosa siku hiyo majani ya maboga yalitetemeka bila upepo tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na watoto wale wachanga walilia. Mama Rosa alikaa kando ya Rosa akiwa ameweka kiganja juu ya ganda lake. Ganda lilikuwa la moto kwa jua.

"Nimeshindwa kukutetea," alisema.

"Umemkunja kidole," alisema Rosa. "Mzee Fulgensi amecheka toka juzi."

"Kaburi lako limekwisha, Rosa."

"Limekwisha. Mama, hapa kwako pana kivuli. Udongo wako laini. Kila jioni mtu analetewa maji na habari. Kule nilikuwa naletewa mara moja kwa mwaka."

Mama Rosa akatazama matuta yake: mchicha, matembele, bamia, na katikati watu wenye pua za ajabu wakisubiri aseme. Alikuwa amekuja kuizoea sauti ya Bibi Stefania akigombana na Bwanaheri kuhusu kipimo cha chumvi kwenye kisamvu.

"Kaeni," alisema. "Lakini maboga hayakai. Yatakomaa."

Jambo hilo kila mkulima alikuwa akilijua na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema. Vikonyo vilikuwa vimeanza kukauka. Sauti zao nazo zilikuwa zinakauka, zikawa kama sauti za watu wanaoongea wakiwa na njugu mdomoni. Mzee Fulgensi, aliyekuwa fundi na alipenda jambo lipimwe mapema, alisema wao hawako kwenye ganda wala kwenye nyama. Wamehamia kwenye mbegu. Kila ukoo uje uchukue wa kwake, mbegu zikaushwe kivulini, si juani, zingojee mvua. Na nyama ipikwe, kwani ni dhambi kutupa chakula.

Hapo ndipo palipotokea ubishi. Watu walikuwa tayari kuwapanda marehemu wao, lakini kuwachemsha walisita. Chiku alikaa na boga la mume wake mapajani, kisu mkononi, hakikati.

"Kula, Chiku," alisema Bwanaheri. "Mimi nilikula vyako miaka yote na hukunisikia nikiuliza."

"Nikute ufunguo humo ndani," alisema Chiku, na akakata. Ufunguo haukuwamo. Boga lilikuwa tamu sana, alipika na nazi, akagawia mtaa mzima.

Mvua ilianza. Nyuma ya nyumba za Lumemo watu walichimba mashimo, wakaweka samadi na pumba, wakawapanda watu wao. Mama Keti alipewa mbegu za mmoja wa wale wachanga, aliyekuwa hana ndugu waliobaki, akazipanda chini ya dirisha la Keti na kuweka kivuli cha chandarua. Teddy, mke wa Hermenegildi, alikuja kwa Mama Rosa na kanga amejifunika mpaka puani. Aliomba mbegu za Bibi Stefania. Akapewa. Alizipanda nyuma ya choo ili mumewe asijue, lakini Bibi Stefania hakuwa mtu wa kukaa nyuma ya choo. Shina lilitambaa likazunguka nyumba, likapanda ukuta, likafikia dirisha la sebule. Tangu lilipozaa, na Teddy akalichonga boga la dirishani, Hermenegildi kila akitoka kwenda shambani huanzia dirishani.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, Gildi. Unakwenda wapi?"

"Shambani."

"Shamba lipi?"

"Lile la kando ya mto, mama mdogo."

"Haya."

Naye huenda. Mpunga wake mwaka huo ulistawi kuliko wa mtu yeyote Lumemo, hasa pale penye kipande cha matete, ambapo suke liliinama kwa uzito. Ofisi ilimsifu. Hakuna kilichorudishwa.

Mwezi wa nne, asubuhi moja baada ya mvua ya usiku, Mama Rosa aliona boga la kwanza la mbegu za Rosa limefikia ukubwa wa kichwa cha mtu. Lilikuwa laini, kijani, halina jicho wala mdomo. Kwa mbali, kutoka shamba la Hermenegildi, zilisikika sauti za watu wakiamia ndege, wakipiga madebe.

Mama Keti alikuwa ametuma ujumbe kwamba Keti yuko tayari kuja kuchonga, amejifunza, safari hii macho yatalingana. Mama Rosa alimrudishia shukrani na kikapu cha mchicha. Kazi hii, alisema, ataifanya mwenyewe.

Alitandika gunia kwenye udongo wenye maji, akapiga magoti, akalisafisha boga kwa ncha ya kanga. Alikumbuka kwamba nyusi za Rosa zilikaribiana. Alikumbuka kishimo cha shavu la kushoto, na jino la mbele lililopanda kidogo juu ya mwenzake, ambalo Rosa alikuwa akilificha kwa mkono akicheka. Vyote hivyo alivipima kwa kidole gumba bila kunyoosha kingine chochote. Lakini mtu asiye na mdomo hawezi kusema kama unamuumiza, kwa hiyo alianza na mdomo.

Alikata taratibu, kipande kikatoka, harufu mbichi ya boga ikapanda.

"Mama," alisema Rosa, "kisu hiki hukukinoa."

"Kaa kimya nikuweke jino," alisema Mama Rosa.